Seva tatu za kawaida hotelini Malindi: ya tatu iwe ya bakapu

Swali la msomaji: "Nasimamia kompyuta za hoteli ya vyumba 60 hapa Malindi, pamoja na mkahawa na duka la jumla la tajiri huyo huyo. Sanduku letu la kuhifadhi data limetimiza miaka saba na kiwanda hakitoi tena vipuri. Bei ya jipya imemshtua tajiri. Tunazo seva tatu za kawaida, kila moja ina nafasi nane za diski. Fundi mmoja anasema tuziunganishe zote tatu kwa Ceph, programu inayozifanya diski za seva kadhaa kuwa hifadhi moja, na sanduku tuliache kabisa. Data yote ni kama TB 32, pamoja na picha za kamera 40. Je, yafaa? Kwenye idara niko peke yangu."

Ndugu, yafaa kuachana na sanduku, na hilo sina shaka nalo. Ila seva zote tatu usizifunge kwenye Ceph. Mbili ziingie kazini kwa ZFS, mfumo wa kupanga na kulinda data juu ya diski za seva moja, zikinakiliana, na ya tatu ikae jengo jingine kama mahali pa bakapu. Hoteli yenye mtu mmoja wa kompyuta inahitaji bakapu inayorudishika kabla haijahitaji hifadhi inayojiponya yenyewe, na kwa seva tatu hupati vyote viwili.

Tuanze na kamera, maana ndizo zinazovuruga hesabu yako. Kamera 40, kila moja ikitoa megabiti 2 kwa sekunde, ni megabiti 80, yaani megabaiti 10 kila sekunde. Zidisha kwa sekunde 86,400 za siku moja: GB 864. Kwa siku 30 umefika karibu TB 26. Basi katika TB 32 zako, ni sita tu zilizo data ya biashara: mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva) za buking, za hesabu, za duka, na mafaili ya ofisi. Ceph kwa mpangilio wake wa kawaida huweka nakala tatu za kila kitu. TB 26 za picha za lango na maegesho zitataka TB 78 za diski, ili kulinda kitu ambacho baada ya mwezi mnakifuta wenyewe. Zipe kamera kinasa chao peke yao, chenye diski kubwa za sahani zinazozunguka (HDD) zilizotengenezwa kwa kuandika mchana na usiku. Kinasa kikifa mtapoteza picha za mwezi. Inauma, lakini wageni wataendelea kupokelewa na mishahara italipwa. Likitokea tukio lenye kesi, kipande chake kinakiliwe kwenye bakapu siku ile ile.

Sasa hilo sanduku. Ukilifungua ndani utakuta prosesa, memori na diski, vitu vilevile vilivyomo ndani ya seva zako. Bei yake imebebwa na mambo mawili: programu inayopanga data juu ya diski, na ahadi ya kiwanda kwamba kitu kikiharibika mtu atakuja na kipuri. Hifadhi ya kuendeshwa na programu hukupa la kwanza bure au kwa bei ndogo. La pili halikupi. Ahadi hiyo unaibeba wewe, kwa vipuri vilivyo rafuni mwako na taratibu ulizoziandika na kuzijaribu. Tajiri aelezwe hivyo mapema, na sehemu ya pesa iliyookolewa inunue vipuri.

Fundi wako hakukosea kuisifu Ceph. Ilianza kama kazi ya uzamivu ya Sage Weil katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, na jina lake limetokana na jamii ya pweza. Kama pweza, haina sehemu moja inayobeba kila kitu: kila kompyuta inayotaka data hujikokotolea yenyewe data hiyo iko diski gani, bila kuuliza daftari moja la katikati. Ndiyo maana hukua mpaka mamia ya seva. Kwenye seva tatu, hata hivyo, ina ubahili wake, na hapo ndipo wengi huumia.

Nakala tatu kwenye seva tatu maana yake kila seva lazima ibebe nakala moja kamili. Tuseme kila seva ina diski nne za TB 3.84. Juu ya karatasi una nafasi ya TB 15.36. Diski moja ikifa, data yake haina pa kwenda ila kwenye diski tatu zilizobaki ndani ya seva ileile, kwa kuwa seva nyingine mbili tayari zina nakala zao. Tatu hizo zina TB 11.52. Ceph huanza kulalamika diski ikifika asilimia 85, hukataa kuijaza kwa kujiponya ikifika 90, na husimamisha maandishi ikifika 95. Kwa hiyo kikomo chako cha kweli ni TB 9.8, si 15. Mwenye kununua diski mbili kubwa kwa kila seva ili kuokoa pesa hali yake ni mbaya zaidi: moja ikifa, iliyobaki hutakiwa imeze yote, na klasta nzima, yaani kundi lote la seva, yaweza kusimama kwa sababu ya diski moja.

Seva nzima ikifa, unabaki na nakala mbili. Kazi inaendelea, lakini hakuna kujiponya mpaka seva irudi, maana nakala ya tatu haina pa kukaa. Wakati huo diski moja ikizimika kwenye seva mojawapo iliyobaki, data iliyokuwa juu yake imeshuka kwenye nakala moja, na Ceph husimamisha kazi juu ya data hiyo mpaka nakala ya pili ijengwe, kwa sababu kiwango chake cha chini cha kukubali maandishi ni nakala mbili. Utamkuta mtu akikushauri upunguze: nakala mbili kwa jumla, na kazi iendelee hata ikibaki moja. Usikubali kabisa. Nakala moja ikipokea maandishi wakati mwenzake amezimika, kisha hiyo moja ikafa, umebakiwa na data ya zamani inayojidai ndiyo ya sasa, na hakuna programu itakayokurudishia kilichopotea.

Seva ya nne ndiyo inayoipa Ceph pumzi. Ukiipata, pamoja na swichi mbili za mtandao za gigabiti 10 na mtu wa pili wa kushika zamu, rudi kwenye shauri la fundi wako ukiwa na mambo haya mkononi. Kila huduma ya diski hulenga kutumia GB 4 za memori kabla hujahesabu mashine pepe. Programu zinazosimamia klasta ziwe idadi witiri, tatu au tano, ili akidi ipatikane. Saa za seva zisipishane zaidi ya sekunde 0.05, la sivyo programu hizo zitaanza kulalamika. Unapozima seva kwa matengenezo, andika kwanza `ceph osd set noout`, kwa sababu baada ya sekunde 600 za kutoiona diski, Ceph huihesabu kuwa imetoka na huanza kuhamisha data. Na ukiongeza ukubwa wa vifurushi vya mtandao hadi 9000, uongeze kwenye kila seva na kila poti ya swichi. Poti moja ikisahauliwa, ujumbe mdogo utapita na mkubwa utatupwa, nawe utaona diski zikizimika na kuwaka zenyewe bila sababu ya kuonekana. Jaribu kwa `ping -M do -s 8972`. Isipojibu, umeshaijua kasoro. Jambo jingine: toleo jipya hutoka karibu kila mwaka na huhudumiwa kwa takriban miaka miwili, kwa hiyo kusasisha ni kazi ya kudumu. Mtu mmoja anayetengeneza pia printa za mapokezi na mtandao wa wageni hataiweza bila kuacha jingine lianguke.

Kwako basi, seva mbili za ZFS chini ya Proxmox, programu ya kuendesha mashine pepe. Nafasi nane za kila seva zigawe hivi: mbili ni za SSD (diski za chipu zisizo na sahani) ndogo za GB 480 zenye mfumo endeshi, moja ikiwa kioo cha nyingine, yaani zote mbili zina data ileile, sita ni za SSD za TB 3.84 zenye data, katika jozi tatu za vioo. Jozi tatu ni TB 11.52. ZFS huanza kuwa nzito ikipita asilimia 80, kwa kuwa hutafuta vipande vya nafasi vilivyotawanyika, kwa hiyo hesabu TB 9.2. Angalia: diski za data ni 12 kwa seva zote mbili, idadi ileile ambayo Ceph ingetaka kwenye seva tatu, na nafasi unayopata inakaribiana. Tofauti ni kwamba huku umebaki na seva nzima.

Kabla ya kununua chochote, fungua seva utazame kontrola ya diski, kadi inayoziunganisha diski na seva. ZFS, sawa na Ceph, inataka kuziona diski zenyewe, moja moja. Kontrola ya RAID, inayounganisha diski kadhaa zionekane kama moja, huzificha, humeza makosa yake, na ikiungua hutaka kontrola ya aina ileile ndipo data isomeke. Ukiwa Malindi, kipuri kilichopo Mombasa kitafika kwa basi siku hiyo au kesho yake. Kisichopo Mombasa utakisubiri. Ipange kontrola ipitishe diski moja kwa moja. Kama haikubali, ibadilishe.

SSD ziwe za seva, zenye kapasita za kulinda maandishi umeme unapokatika. Hapa usibanie. Mfumo wa hesabu ukiandika malipo, husubiri diski iseme "imeshakaa". SSD ya laptopu ni lazima iyashushe maandishi kweli kweli kila inapoulizwa, na mara nyingi haipiti mamia ya maandishi kama hayo kwa sekunde. Yenye kapasita hujibu mara moja, kwa sababu hata umeme ukikatika ina chaji ya kumalizia kazi, na hufika makumi ya elfu. Watu wengi wanaolalamika kwamba ZFS au Ceph ni nzito waliweka SSD za dukani. Nunua pia diski za matoleo mawili tofauti, na kila jozi ichanganye. Mwaka 2019 mtengenezaji mmoja mkubwa wa seva alitangaza kwamba baadhi ya SSD zake zingekufa zikifika saa 32,768 za kazi, kosa la kihesabuji ndani ya programu ya diski. Diski zilizowashwa pamoja zingekufa pamoja, na vioo visingesaidia kitu. Dawa ilikuwa kusasisha programu hiyo mapema, kwa hiyo fanya hivyo kabla ya kuzipakia data.

Andika namba ya kila diski kwenye karatasi ndogo uibandike mbele ya trei yake, kisha zitaje diski kwa namba hizo unapounda hifadhi. Majina kama sda na sdb hubadilika seva ikizimwa na kuwashwa, na usiku wa manane mtu huchomoa diski nzima akaiacha mbovu. Weka `ashift=12` (ZFS iandike kwa vipande vya baiti 4096) siku ya kwanza, kwani haibadiliki baadaye kwa diski zilizoingia tayari. Washa ukandamizaji wa lz4. Tenga TB 1 isiyotumika, kwa `zfs create -o refreservation=1T data/akiba`; siku hifadhi ikijaa kabisa, unaifungua hiyo na kupata nafasi ya kufanya usafi. Jina la hifadhi liwe moja kwenye seva zote mbili, la sivyo kunakiliana hakutakubali. Memori ya ZFS nayo iwekee kikomo, GB 16 zatosha, ili isigombane na mashine pepe.

Seva hizo mbili ziunganishe kwa kebo ya gigabiti 10 moja kwa moja, poti kwa poti, bila swichi katikati. Kwa mtandao wa gigabiti 1, nakala ya kwanza ya TB 6 itachukua kama saa 15. Kwa 10, ni saa mbili hivi. Baada ya hapo ZFS hupeleka mabadiliko tu. Proxmox hunakili kila dakika 15 usipoiambia vingine, na yaweza kwenda hadi kila dakika moja. Mashine ya hesabu na ya buking ziwekee dakika 5, mafaili yabaki 15.

Hapa pana uamuzi wa kufanywa na tajiri mwenyewe, si wewe. Seva moja ikifa ghafla, nyingine itawasha mashine zilivyokuwa kwenye nakala ya mwisho. Malipo yaliyoingizwa katika dakika hizo chache hayatakuwemo. Ya M-Pesa mtayarudisha kutoka kwenye taarifa ya simu, ya taslimu kutoka kwenye risiti za karatasi. Akisema hawezi kupoteza hata dakika moja, basi mpango huu si wake, na gharama ya seva nne na mtu wa pili aibebe akijua. Wenye hoteli wengi wakiulizwa hivyo, kwa dakika na shilingi, huona dakika 5 zavumilika. Mimi nisingeruhusu mashine ya hesabu ijihamishe yenyewe. Mtu aangalie kwanza kama seva ya kwanza imekufa kweli au ni kebo imetoka, kisha aamue. Kwa akidi, seva mbili hazitoshi, kwani kila moja ikiachwa peke yake haijui kama ndiyo iliyosalia. Sauti ya tatu ipewe seva ya bakapu, kwa huduma ndogo ya kupiga kura tu.

Seva ya tatu yenyewe ikae jengo jingine la kiwanja, mbali na jikoni, iunganishwe kwa nyuzi za kioo (faiba) na si kebo ya shaba, maana radi ikipiga shaba huunguza pande zote mbili. Diski zake: SSD mbili za mfumo endeshi, SSD mbili za kuweka orodha ya data, na diski nne za sahani za TB 8 kwa jozi mbili, jumla TB 16. Orodha ikiwa juu ya sahani peke yake, kukagua na kusafisha bakapu huchukua usiku na mchana, kwa sababu programu ya bakapu ya Proxmox hukata data vipande vidogo kwa malaki. Muuzaji akuhakikishie kwamba diski hizo za sahani si za aina ya SMR, ambazo huandika mistari ikipandana kama vigae. Zinapojengwa upya huchoka vibaya.

Kunakiliana kwa seva mbili hakuwi bakapu. Mhasibu akifuta faili, au kirusi cha kudai fidia kikifunga mafaili, baada ya dakika 15 uharibifu umeshafika upande wa pili. Kwa hiyo seva ya bakapu iwe na nywila yake, na akaunti inayotumiwa na seva za kazini iweze kuongeza bakapu tu, isiweze kufuta. Hesabu zichukuliwe kila saa, vingine kila usiku. Weka siku 7, wiki 4 na miezi 12. Kila wiki diski moja iliyofungwa kwa siri itoke nje ya kiwanja. Na mara moja kwa mwezi rudisha mashine moja nzima, iwashe bila mtandao, mwambie mhasibu aifungue na kusoma tarehe ya risiti ya mwisho. Andika ilichukua dakika ngapi.

Mazingira ya pwani yana madai yake. Chumvi ya kawaida hunyonya maji ya hewani unyevu ukipita asilimia 75, na unga mwembamba wa chumvi ulio juu ya bodi ukilowa hupitisha umeme na kula miguu ya shaba. Usiku hoteli zikizima kiyoyozi cha ofisi kuokoa bili, ndipo hilo hutokea. Chumba cha seva kiwe na kiyoyozi chake kisichozimwa, dirisha lizibwe, unyevu ukae chini ya asilimia 60 na joto kati ya nyuzi 18 na 27. Kipima unyevu cha bei ndogo ukitundike ukutani ukisome kila asubuhi.

UPS, betri za kushikilia seva umeme ukikatika, ziwe mbili, za aina inayobadilisha umeme muda wote. Zile rahisi hukataa umeme wa jenereta unapoyumba na kumaliza betri huku jenereta ikinguruma. Kila seva ina pawasaplai mbili. Moja iende UPS hii, nyingine ile. Betri zikae mahali penye ubaridi, kwani kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake karibu nusu. Programu ya NUT izime seva kwa utaratibu betri zikibaki kidogo. Rafuni weka SSD mbili za TB 3.84, diski moja ya TB 8, pawasaplai moja na feni.

Kabla ya kuhamisha hata faili moja, haribu kwa makusudi. Chomoa diski moja uone kama barua pepe ya onyo inakufikia. Isipofika, rekebisha hiyo kwanza. Iweke diski mpya mahali pake upime muda wa kujijenga. Chomoa waya za umeme za seva moja huku mashine ya majaribio ikiandika, kisha uwashe mashine hiyo upande wa pili uhesabu dakika zilizopotea. Hayo yote yaandike kwa ukurasa mmoja, ubandike ndani ya mlango wa kabati, kwa ajili ya siku ambayo utakuwa likizo na meneja wa zamu ndiye atakayesimama hapo.

Hamisha mashine ndogo kwanza, ya mwisho iwe ya hesabu, na usiianze karibu na mwisho wa mwezi wala msimu wa Desemba. Sanduku la zamani lisizimwe siku 30. Baada ya hapo diski zake zina nakala za pasipoti za wageni, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu: data ikivuja, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu mjue. Usimuuzie mtu diski hizo. Zitoboe kwa keekee mbele ya tajiri, ziandikwe namba zake na wote wawili mtie saini. Kwa sababu hiyo hiyo washa usimbaji wa diski kwenye seva ya bakapu tangu mwanzo, na kwa hizo mbili za kazini ujaribu kwanza kama kunakiliana kunaukubali katika toleo ulilonalo. Diski iliyosimbwa ikifa ndani ya udhamini, utairudisha kwa muuzaji bila kumkabidhi majina ya wageni wako.